Majani ya Zahoro

Watu wa mtaa wetu walimcheka Bi Azza binti Mbaruk miaka mingi, na mimi sijawasamehe mpaka leo. Walimcheka kwa sababu ya majani. Kariakoo ya siku zile mwanamke wa heshima alijulikana kwa ufagio: akiamka anafagia mbele ya nyumba yake mpaka mchanga unabaki mweupe, hauna hata unyasi mmoja. Bi Azza naye alifagia, tena kuliko wote, ila chini ya baraza yake, pembe mpaka pembe, aliacha majani marefu yenye mikia ya manyoya, mikia ya zambarau ikianza kutoka na myeupe ikikomaa. Wapita njia walisema binti wa Kimanga kafuga pori. Wengine walisema anafuga nyoka.

Hakuna aliyejisumbua kumuuliza aliyatoa wapi. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, nikamuuliza.

Mumewe aliitwa Zahoro, mchukuzi wa mizigo bandarini. Mzee Mbaruk, baba yake Azza, alikuwa Mwarabu mwenye duka na majivuno, akasema binti yake haolewi na mtu wa kubeba magunia. Azza aliolewa naye hivyo hivyo, na dukani kwa baba yake hakukanyaga tena. Kisha vita vya Wazungu vikaja. Waingereza walipouteka mji walimkamata Zahoro njiani, wakamtia katika jeshi la wapagazi, wenyewe wakiliita Carrier Corps, hao hao ambao kambi yao ndiyo iliyoupa mtaa wetu jina. Alipelekwa kusini na mzigo kichwani, na hakurudi.

Vita vilipokwisha alikuja mwenzake mmoja, Eliakimu, amekonda mpaka suruali kaifunga kwa kamba. Mkononi alikuwa na blanketi la Zahoro. Alisema Zahoro alikufa kwa kuhara damu, huko bara kavu, na kwamba alimfukia yeye mwenyewe kando ya njia penye majani marefu. Msafara haukumpa nafasi hata ya kuweka jiwe. Bi Azza alimuuliza ni mahali gani hasa, Eliakimu akalia, kwa kuwa hakujua. Serikali nayo haikujua wala haikujali kujua. Wakubwa wao wamelala makaburini na majina yao juu, lakini aliyewabebea maji na unga hakuandikwa hata kwenye jani la mgomba. Nikilisema hili damu hunichemka, na itanichemka mpaka siku nitakayozikwa, maana mimi angalau nitazikwa mahali panapojulikana.

Blanketi lile lilikuwa limejaa mbegu, zile zenye manyoya zinazong'ang'ania nguo. Mwingine angelikung'uta uani akalifua. Bi Azza alilipakata, akazichambua mbegu kwa kucha, akazipanda mbele ya baraza yake.

Mwanzoni aliyapenda majani yale kupita kiasi. Kila jioni aliyamwagia maji, na kadiri alivyomwagia yakazidi kugeuka manjano na kulala. Eliakimu alipopita kumjulia hali alimwambia kule yalikotoka mvua ni ya kusikia tu, ayaache na kiu yao. Akayaacha, yakasimama. Tangu hapo hakuyapa tone. Kazi yake ilikuwa nyingine: masika yakikaribia aliyakata yote yakabaki visiki vya urefu wa ngumi, akavichana kwa vidole kutoa makavu, na shina likianza kufa katikati alilichimbua, akaligawa na kulipanda upya. Alhamisi jioni alikaa barazani akayasomea Yasini. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kumwambia kwamba majani si kaburi. Bi Azza alimjibu, "Basi nionyeshe lililo kaburi, mwalimu, niende huko." Mwalimu hakurudi tena kumfundisha.

Halafu akatuzukia Onesphory. Alikuwa kijana wa misheni, kaptura ya kaki imenyooshwa kwa pasi ya makaa, na kazi yake serikalini ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuchungulia mitungi yetu kama ina viluwiluwi. Kazi nzuri, sibishi. Homa imezika watoto wetu wengi. Lakini alipofika kwa Bi Azza akasema majani yale yanazaa mbu, yaondolewe. Bi Azza alimweleza kwa upole kwamba mbu huzaliwa majini, na majani haya maji hayayajui, apenue mwenyewe atazame. Onesphory hakutaka kupenua wala kutazama. Alisema amri ni amri.

Alirudi na vibarua wawili wenye majembe. Mikia ilikuwa imekomaa, myeupe mitupu, na upepo kidogo tu uliilaza yote upande mmoja. Waliyang'oa na mizizi yake, wakayapakia kwenye mkokoteni, Onesphory akisema yanakwenda kuchomwa moto. Bi Azza aliling'ang'ania shina la mwisho mpaka kibarua akambandua vidole. Mimi nilipiga kelele peke yangu. Wanaume wa mtaa, wanaume wazima na kanzu zao, walikuwa barazani na vikombe vya kahawa, na hakuna aliyeinuka. Bi Azza alifukia mashimo, akafagia. Kesho yake wakamsifu kwamba sasa nyumba yake imependeza, na nilitamani ule ufagio niwavunjie migongoni.

Bi Azza aliishi kwa kuuza mayai. Aliyapeleka Uzunguni, akizungukia milango ya jikoni. Kiangazi kilichofuata alirudi mapema, hana kikapu.

"Sitara, jitupie kanga," aliniambia. "Nifuate."

Alinipeleka hadi kwenye nyumba ya Mzungu aliyekuwa mkubwa wa akina Onesphory. Niliyaona kabla hatujafika. Kutoka getini mpaka kwenye ngazi, kulia na kushoto, majani ya Zahoro yalikuwa yamepangwa mstari, kila shina limegawanywa. Kumbe Kariakoo yalizaa mbu. Uzunguni yalizaa urembo. Mtunza bustani alikuwa akiyamwagilia maji, na chini kwenye mashina yalikwisha kuwa manjano, yameanza kunuka.

Bi Azza alimshika mkono yule mtu. "Weka chini hilo kopo," alisema. "Unamzamisha."

Kisha akaketi chini, katikati ya njia ya Mzungu, akajifunika vizuri, akaanza Yasini kwa sauti. Nikaketi ubavuni pake. Niliogopa, sitaficha, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Mtunza bustani alitusihi, mpishi akatoka na mwiko wake akatusihi, mwishowe akatoka memsahibu mwenyewe akasimama ngazini. Alimuuliza mpishi wanawake hawa wanataka nini. Bi Azza alimaliza aya aliyokuwa nayo, ndipo akamtazama mpishi.

"Mwambie sitaki kitu. Nimekuja kuzuru kaburi. Mume wangu yumo humu, kuanzia ngazi mpaka getini."

Mpishi alilieleza lile. Memsahibu akauliza, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mtu nakufa hapa?" Mpishi, Mungu amrehemu, akasema ndiyo. Yule mama aliyatazama majani, akaitazama miguu yake, akapanda ngazi kinyumenyume. Onesphory alipoletwa mbio kutoka kazini, jasho linamtiririka, amri ilikwisha kutoka kwamba majani yote yang'olewe kabla jua halijatua. Na bwana mkubwa alikuwa akimngoja ili aelezwe imekuwaje zawadi aliyoambiwa imetoka porini ikawa na maiti ndani yake.

Mkokoteni aliusukuma Onesphory mwenyewe. Tulivuka naye Mnazi Mmoja mchana kweupe, yeye na kaki yake na mikia ya manyoya ikimfutafuta uso, sisi tukimfuata nyuma. Nilicheka, ndiyo. Bi Azza hakucheka. Tulipofika nyumbani Onesphory alivua kofia akaanza kubembeleza. Alisema mama, tuyapande uani, huko hakuna atakayeyaona na mimi sitalazimika kuyaandika.

"Uliyatoa mbele," Bi Azza alimwambia. "Chimba."

Akachimba. Siku hiyo wanaume wa mtaa waliinuka barazani, lakini waliinuka ili waone vizuri.

Nilidhani tumeshinda. Masika yalikuja, na kila asubuhi Bi Azza aliinama kutazama visiki. Maji ya Uzunguni yalikuwa yamekwisha kuozesha mizizi. Shina moja tu, la pembeni, lilitoa jani. Mengine yote aliyachimbua yakamvunjikia mikononi kama mkate ulioloa. Sikuwahi kumwona akilia, hata Eliakimu alipoleta blanketi, lakini asubuhi hiyo alilia kwa hasira, akipiga mchanga kwa ngumi.

"Wamemuua mara ya pili," alisema.

Kwa lile shina moja alianza upya. Alilikata, akalichana, akalingoja, na lilipotanuka akaligawa. Ilimchukua miaka kuifikisha tena safu kutoka pembe mpaka pembe. Ndipo wakaanza kuja, wale wale waliosema anafuga nyoka. Huyu kaka yake alichukuliwa na wapagazi akapotea, yule ni baba, mwingine ni mume. Na wao hawakuwa na pa kuzuru, walikuwa wamelinyamazia jambo hilo tangu vita. Waliomba shina, sauti chini, kama watu wanaoomba moto kwa jirani waliyegombana naye. Mimi nilimwambia awanyime. Aliwapa wote, na akawafunza wasiyamwagilie.

Onesphory alipanda cheo, akaota kitambi, akaendelea kukagua mitungi yetu. Kila alipofika pale alivua kofia na kusema, "Shikamoo, mama." Bi Azza aliendelea kuyachana majani. Onesphory alisimama akingoja, jua linamchoma utosi, kisha akapita. Watu walimsihi Bi Azza aitikie, neno lenyewe ni moja tu, kijana wa watu keshajuta, yaishe.

Bi Azza alipokuwa mahututi nilimuuliza kama niende nikampelekee Onesphory marahaba yake. Alinishika kanga, akanivuta karibu.

"Akaniulizie kwanza kwa mabwana zake Zahoro wamemlaza wapi," alisema. "Akija na jibu, nitaitika."