Pikapu ya Kumbeba Mama Mkwe

Pikapu yangu ilikwama kwa matope nikimpeleka mama mkwe kanisani. Nikaapa hilo halitarudiwa. Kwa fundi pale mtaa wa Free Area nikachagua springi ndefu kuliko zote na tairi kubwa za matope.

"Boss, na mama atapanda aje?" fundi akauliza.

"Wewe funga tu."

Jumapili nilipita yale matope kama lami, nikasimama mlangoni kwake kifua mbele. Mama akakitazama kiti. Kilikuwa usawa wa kidevu chake, na kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe hata mkono. Akamwita jirani aliyekuwa akipeleka maji.

Kanisa lote lilituona tukifika: mama mbele kwenye mkokoteni wa punda wa yule jirani, mimi nyuma kwa gia ya kwanza.