Jirani Aliyepona, na Miguu Yangu

Jirani yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, alipona saratani ya titi miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo mimi ndiye sina raha. Kila asubuhi kukipambazuka anagonga dirisha langu. "Mdogo wangu, umelala au umezimia?" Tunatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, yeye mbele, akinihubiria mboga za majani. Mkono wake wa kushoto huvimba tangu upasuaji, kwa hiyo anauinua juu, anakunja ngumi na kukunjua, na wapita njia hudhani anawasalimia. Nikipika, anafunua sufuria yangu bila hodi. "Mafuta yote haya! Unakaanga au unaogelea?"

Juzi hakugonga. Nilimkuta kitandani, raba miguuni, bakuli la papai mapajani, hajaonja hata kipande. Ilikuwa siku yake ya kwenda kupimwa.

"Leo tembea peke yako," alisema. "Wakikuta imerudi, soda nilijinyima kwa ajili ya nini?"

Nilitaka kumkumbusha kwamba hata soda zangu alizimwaga. Badala yake nikakaa, nikala nusu ya papai, nikamsukumia uma. "Kula. Hospitali ni mwendo wa saa nzima, na mimi sikubebi."

Akasonya, akala.

Daktari alitazama picha mara mbili, akasema hakuna kitu. Nililia pale koridoni mpaka muuguzi akaniletea kiti. Jirani yangu akakisukuma pembeni.

"Hakuna kukaa," alisema. "Tunarudi kwa miguu."