Jodari Kwanza, Pomboo Baadaye

Nilijifunza kuogelea kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, Dodoma, mwaka niliotoroka shule nikiwa darasa la sita. Tangu hapo nimekuwa utingo wa lori, fundi rangi na mlinzi wa shamba la zabibu, na kila kazi niliiacha siku niliposikia kuna kitu mahali fulani ambacho sijakiona. Safari hii kitu chenyewe kilikuwa pomboo. Niliwaona kwenye simu ya abiria mwenzangu: mtu anaogelea, pomboo wawili wanamzunguka kama mbwa waliomwona bwana wao amerudi. Nikauliza ni wapi. Akasema hajui, baharini. Nikaendelea kuuliza watu, na majibu yao yakanifikisha Gando, Pemba, nikiwa na begi moja na miwani ya kuzamia niliyoinunua mtumba.

Dikoni, pale boti zinapoegeshwa, nilimkuta nahodha mmoja wa makamo akifunga ndoana. Pembeni yake alikaa mjomba wake, mzee mwembamba mwenye kofia safi. Nikawaamkia, nikaeleza shida yangu.

"Kuogelea nao," nahodha alirudia polepole. "Wamekuita?"

"Hawajaniita."

"Yakhe," mjomba aliniuliza kwa huruma kabisa, "kwani huko bara hakuna watu wa kuogelea nao?"

Nahodha akasema bahati yangu nzuri, kesho baada ya sala ya alfajiri anatoka, na hao pomboo atawatafuta yeye mwenyewe. Mimi ninayeuliza kila kitu, hapo sikuuliza kwa nini. Niliambiwa usiku, nyumbani kwake, tulipokuwa tunakula.

Kesho yake binti yake alikuwa anaolewa, na bwana harusi ni mtu wa Ole, huko ndani kwenye mikarafuu. Siku mbili nzima nahodha alikuwa amerudi na vichangu vya kujaza kiganja.

"Watu wa Ole kuku wanao," mkewe alisema. "Wakija pwani wanakuja kula jodari. Nikiwapa kuku, mwanangu atasimangwa mpaka awe bibi."

Na jodari hutembea chini ya pomboo. Ukiona pomboo, unapitisha mishipi.

"Kwa hiyo wewe utakaa kitako," nahodha aliniambia. "Ukijitosa kabla sijapata samaki wangu, jodari wanazama, pomboo wanakwenda zao, na wewe ndiye utakayesimama mlangoni kuwaeleza wakwe."

Nikaapa.

Saa mbili asubuhi tulikuwa bado hatujaona hata pezi. Samaki walitakiwa wawe jikoni saa nne. Simu ya nahodha ikalia, na sauti ya mkewe ikatufikia sote.

"Vitunguu n'shakaanga! Uko wapi we?"

"Tuko njiani."

"Njiani kuja au njiani kwenda?"

Nahodha akakata simu, akaongeza mwendo. Kisha tukaona ndege wanajitupa majini, na chini ya ndege, migongo. Sikuwahesabu. Walikuwa wengi kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa. Mmoja akaja ubavuni mwa boti, akalala upande, akanitazama kwa jicho moja.

"Kaa!" nahodha alipiga kelele.

"Nimekaa!" nilijibu, nikiwa nimesimama juu ya ubao na miwani imeshafika usoni.

Mjomba alikuwa amenishika shati kwa mkono mmoja na mshipi kwa mwingine. Mshipi ukavutwa ghafla. Hakuweza kutushika wote wawili, akanisukumia mimi mshipi, na huo ndio ulioniweka kitako. Mshipi ulinikata viganja, jodari akaingia ndani akiwa mkubwa kama mwanambuzi. Tukapata wa pili, wa tatu. Yule pomboo alipita tena karibu, nami nikageuza uso kama mtu aliyefunga anayepita kwenye chapati. Wa nne alipoanguka botini, nahodha alijifuta uso.

"Alhamdulillahi. Haya, ruka sasa."

Bahari ilikuwa tupu.

"Wameondoka sasa hivi tu," mjomba alinifariji.

Niliruka hivyo hivyo. Chini hakukuwa na kitu isipokuwa buluu, na miguu yangu mwenyewe. Nahodha akazima mashine anisubiri, na hapo ndipo nilipowasikia. Miluzi, na mlio kama kitanda cha kamba mtu mnene anapojigeuza. Walikuwa mbali, wanaongea wote kwa pamoja. Nikaibuka kuwaambia.

"Pomboo wanaongea?" nahodha aliuliza. Amewafuata tangu ujana wake, lakini siku zote mashine inanguruma.

Mjomba alininyang'anya miwani, akavua kofia, akaning'inia ubavuni mwa boti, kichwa majini, mpwa wake amemshika miguu. Alipoibuka kuvuta pumzi nahodha akamuuliza wanasema nini.

"Subiri, hawajamaliza," akasema, akarudi.

Kisha nahodha akasema na yeye asikilize, mara moja tu. Mara moja ikawa mara nne. Simu ililia juu ya ubao mpaka ikachoka.

Tulifika saa tano na nusu. Mke wa nahodha alikuwa amekuja mwenyewe dikoni, upawa mkononi.

"Mlikuwa wapi?"

"Mashine," nahodha alisema, akiionyesha.

Alimtazama mumewe, akamtazama mjomba, akanitazama mimi. Sote watatu tulikuwa na duara jekundu kuzunguka macho.

"Mashine," alisema. Akamwinua jodari mmoja kwa mkia, akampima uzito, na uso ukalegea kidogo. "Wageni washashuka garini. Na wewe mgeni, utakata kachumbari, na nisikusikie."

Watu wa Ole walikula saa tisa badala ya saa saba, wakaomba na kuongezewa. Mimi nilikuwa uani, machozi yananitoka kwa vitunguu, viganja vinawaka kwa ndimu. Kutoka barazani nilimsikia nahodha akimwigizia baba wa bwana harusi sauti ya pomboo, na yule mzee akimwomba airudie.