Bega la Taratibu

Mtaani walimwita Taratibu, na jina halikumwonea. Kazi yake ilikuwa kupeleka watoto wa majirani shuleni, na aliendesha kigari chake kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Wazazi walimpenda kwa hilo. Watoto walimpenda zaidi, maana aliwaacha waimbe mpaka sauti ziwakauke.

Siku yake ilianzia kwenye mlango wa gereji. Si mlango wa umeme, wapi! Ni ule wa bati unaoinuliwa kwa mkono ukapanda juu darini, na springi mbili zinaubeba uzito. Miaka nenda miaka rudi aliuinua kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai. Halafu mambo yakaenda mrama. Ikabidi kikombe akiweke chini, atumie mikono yote miwili. Kisha kukawa na mlio, ngwiii, pale pale karibu na sikio la kulia, na yeye, Mungu amsamehe, akaamini kabisa kwamba linalolia ni bega lake!

Basi akanunua dawa ya kuchua. Kila jioni alijipaka mpaka chumba kizima kikanuka. Mkewe, fundi cherehani asiyepitwa na kitu, akamuuliza, "Una nini, mume wangu?"

"Sina kitu. Baridi tu."

"Baridi na joto lote hili?" mkewe akasema, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Mlango nao ukazidi vituko. Zamani ukiuachia usawa wa kiuno ulitulia hapo hapo. Sasa ulishuka wenyewe, tena upande upande. Taratibu akajisemea kwamba mkono wake wa kushoto umelegea, hauvuti sawa na wa kulia. Asubuhi moja akaukuta mlango umeinuka kidogo, umeegeshwa juu ya kipande cha ubao. Kesho yake vile vile. Akadhani ameuweka yeye akasahau. Haya, sasa na kichwa nacho!

Uzee wenyewe haukumtisha. Kilichomuuma ni wale watoto. Mkono ulioshindwa na bati utashikaje usukani, na watoto wa watu wamekaa nyuma? Akaamua kimoyomoyo kwamba wiki ikiisha atawaambia wazazi watafute dereva mwingine. Siku aliyoamua hivyo alijifungia ndani ya gari, injini imezimwa, akalia, mwanamume mzima.

Jumamosi akaja kitinda mimba wao, binti anayefundisha mazoezi ya viungo, mwenye mikono iliyoshiba. Alitaka kuazima gari.

"Kaa, Baba, nitafungua mwenyewe."

Akainama, akavuta. Mlango ukafika magotini, ngwiii, ukakwama.

"Baba! Mlango gani huu? Au umeujaza mawe?"

Taratibu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, amelishika bega lake. Akalitazama bega, akautazama mlango.

"Limelia," akasema polepole. "Limelia, nami nimekaa huku."

Akaitwa fundi wa milango. Alimulika juu kwa tochi, akawaambia wote warudi nyuma.

"Springi hii imechoka vibaya. Ona mizunguko yake ilivyoachana hapa. Ona kutu. Ndiyo maana mlango mzito, ndiyo maana unashuka upande. Na lazima ilikuwa inalia. Hamkusikia?"

"Niliisikia," Taratibu akajibu. "Nikaipaka dawa ya kuchua."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Aliokota ule ubao.

"Na huu? Nani amekuwa akiinua mlango na kuuegesha hivi? Springi ingekatika, tungekuwa tunaongea mengine."

Binti akaacha kucheka.

"Mimi," mkewe akasema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, futi ya kupimia bado shingoni. "Namtangulia kuamka, nauinua kidogo, ili asianzie chini kabisa. Niliona nguvu zimemwishia. Sikutaka ajue kwamba najua."

Fundi akafunga springi mpya, zote mbili. Taratibu akajaribu kwa mkono mmoja. Mlango ukapanda kimya, ukatulia. Akauteremsha, akaupandisha tena, akauteremsha, mpaka binti akamwambia, "Baba, watoto wanakuja Jumatatu, si leo!" Wote wakacheka, na Taratibu akafuta macho kwa kiganja bila kujificha.

Fundi alipoondoka, walibaki wawili pale gerejini.

"Ungeniambia tu," mkewe akasema.

"Niliogopa, mke wangu. Niliogopa utaniona nimezeeka."

Mkewe akamtazama mzee wake kuanzia mvi mpaka ndala.

"Umezeeka siku nyingi, mume wangu. Umeniona nimekwenda wapi?"