Hisa za Hapa na Hisa za Mbali

Mke wangu alikufa kabla hatujamaliza ubishi wetu. Tulikuwa tunabishana kuhusu akiba ya binti yetu, ambayo tulikubaliana ikae miaka kumi na tano bila kuguswa. Mimi nilitaka hisa za kampuni za hapa Uganda, zile ambazo mabango yake nayaona Kasese kila siku ninapokwenda kazini kwenye kinu cha mahindi. Yeye alitaka mfuko wa nje, unaonunua hisa kidogo kidogo katika kila kampuni kubwa duniani.

"Ni mbali mno," nilimwambia. "Zikianguka, nani atatuambia?"

"Sasa papa, hii simu yako walitengeneza hapa Kinyamaseke?" Alicheka mpaka akaweka chini kitenge alichokuwa anakunja.

Alikuwa mtu wa Beni, Kongo, akiuza vitenge Bwera, mpakani. Kwao, duka la baba yake, nyumba na stoo ya kaka zake vilikuwa mtaa mmoja, vikaungua siku moja. Tangu hapo hakuweka vitu vyote mahali pamoja. Hata mauzo ya siku aliyafunga katika pembe tatu za kitenge: shilingi, faranga, dola. Wachuuzi wengi wa mpakani hufanya hivyo. Mimi nilimtania kwamba amejigeuza benki.

Sikumshinda kwa maneno. Nilimshinda kwa kuchelewa. Fomu za mfuko wake zilikaa miezi minane, na kila alipouliza nilisema nitasaini wiki ijayo. Kisha akaugua, na hakuuliza tena.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa wakala wa hisa, Kasese mjini. Alikuwa mama wa makamo, mpole. Nilimweleza kwamba karo tunalipa kwa shilingi, kwa hiyo naona soko la nyumbani ni salama zaidi.

"Hilo ni kweli, mzee. Kubadilisha dola kuna gharama, na zinaweza kushuka siku unazihitaji." Akageuza karatasi. "Kazi yako iko wapi?"

"Kasese."

"Nyumba?"

"Nyamwamba."

"Na shamba?"

"Bwera."

"Basi nchi hii ikipata miaka mibaya, utashika nini?"

Mke wangu alikuwa akiniuliza hilo hilo, na mimi nilidhani anaongea kwa sababu ya moto wa Beni tu.

"Usiharakishe," wakala alisema. "Kazungumze na mkeo nyumbani."

Nilimwambia tumeshazungumza. Nikasaini: sehemu tatu kati ya nne nje, moja hapa.

Mwaka uliofuata ripoti iliingia kwenye simu. Sehemu ya hapa ilikuwa imepanda, ya nje imeshuka. Sitaficha, nilifurahi. Niligeuka kabisa, mdomo wazi, nikitaka kumwambia, "Unaona sasa?" Kiti chake kilikuwa kitupu. Angekuwa na jibu, tena la kuniaibisha. Nimejaribu mara nyingi kulitunga jibu hilo mwenyewe, lakini linatoka kwa maneno yangu, na halichekeshi.

Wakala alipiga simu jioni ile. "Mzee, usishtuke, mwaka mmoja ni mfupi. Au unataka turudishe zote nyumbani?"

"Hapana. Ziache huko huko."

"Umeamua vizuri."

Akakata. Nilikuwa bado na maneno mengi ya kumpinga mke wangu.