Neno Alilorudi Nalo Anande

Kwa miezi minne Anande, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa akiamka saa nne na kurudi kitandani saa tano. Nywele hachani, kahawa hachumi, na kwaya ya vijana aliiacha bila kuaga. Mama yake, Hanna, alimwita mvivu mbele ya wageni, na wageni, kwa adabu zao, wakakubali.

Alhamisi moja akajikokota mpaka zahanati moja huko Tengeru. Nesi Pudensiana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siyo uvivu, mdogo wangu. Unaumwa. Inaitwa sonona, na inatibika. Rudi Jumatatu tuanze."

Anande alilia kwa furaha. Kumbe kitu chake kilikuwa na jina! Alipandisha mlima akilirudia lisimponyoke.

"Mama, nimepimwa. Nina sonona."

Hanna alikulia kwenye Kimeru, na Kiswahili cha hospitali alikijua kwa kuungaunga. Yeye alijua kisonono tu. Kofi lilitangulia swali.

"Nani kakupa?"

Kufikia jioni Yoeli, mzee wa kanisa, alikuwa sebuleni, na Anande ametengwa: haruhusiwi meza ya Bwana mpaka atubu zinaa mbele ya usharika. Anande akamletea cheti alichopewa zahanati. Yoeli akavaa miwani, akasoma, akakohoa.

"Mama Anande, hii siyo ile. Hii ni ya kichwa."

Ungedhani Hanna ataomba radhi. Thubutu! Alimkumbuka mama yake mzazi, aliyelala hivi hivi miaka sita, mpaka yeye na ndugu zake wakaitwa watoto wa kichaa. Akamgeukia binti yake kwa upole ambao Anande hakuwa ameusikia tangu Krismasi.

"Heri ingekuwa ile, mwanangu. Ile watu wanasamehe. Tubu tu ile, yaishe."

Yoeli, ambaye hapendi maneno, alikunja cheti akakitia mfukoni. Anande hakubisha. Kubisha kunataka nguvu, na ugonjwa wenyewe ndio uliokuwa umezila.

Jumapili alisimama mbele, akatubu zinaa na mwanamume ambaye hakuwahi kuwepo. Usharika ulimwimbia. Akina mama wakamkumbatia, na Hanna akalia kwa fahari.

Jumatatu asubuhi Anande aliomba ruhusa ya kwenda zahanati.

"Kufanya nini tena?" Hanna alishangaa kweli. "Si umeshasamehewa?"