Mume Wangu, Mzambia na Mhuri wa Sokoni

Siku niliyomkuta mume wangu anajipigia pasi mwenyewe, nilijua ndoa yangu imeingia mdudu.

Mwanaume yule hajawahi kushika pasi. Tangu anioe, hata shati la Pasaka nilinyoosha mimi, yeye amesimama na singlendi ananihimiza tunachelewa kanisani.

Leo yuko uani, kainamia pasi ya mkaa, anapuliza majivu. Ananyoosha kaunda suti yake ya rangi ya ugoro. Halafu anapiga mluzi.

"Baba Yotham, kuna msiba?"

"Kazi za uongozi," akanijibu, wala hakuniangalia.

Haya, sogeeni niwape kisa, na asiniharakishe mtu, maana simu hizi za kugusagusa bado zinanisumbua vidole.

Naitwa Debora, Mgogo wa Mlali. Nina wivu, na simwombi mtu radhi. Wengine wanazaliwa na kidole cha sita, mimi nilizaliwa na huo.

Mambo haya yalitokea Ipagala, Dodoma, mwaka wa tisini na tatu. Zilikuwa enzi za ruksa. Aliyekuwa na meza aliuza mitumba, aliyekuwa na dirisha alifungua duka, na wageni wakaanza kuingia kutafuta maisha kama sisi.

Mume wangu, Fabian, alikuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Vijana wa leo mnaweza kukichukulia poa cheo kile. Mgeni akilala kwako bila mjumbe kujua, una kesi ya kujibu. Mbuzi kapotea, kwa mjumbe. Mtu kapigana na mkewe, kwa mjumbe. Unataka barua ya kumdhamini ndugu yako, unaanzia hapohapo kwa mjumbe.

Fabian akanogewa. Akaenda sokoni kwa fundi wa kuchonga, akachongesha mhuri wa mpira, jina lake juu, MJUMBE katikati. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anaugonga mpaka kwenye daftari la hesabu la mtoto wetu.

Sasa akaja Loisi.

Loisi alitoka Zambia. Akapanga chumba cha mbele kwa mzee Bartolomayo, nyumba pekee yenye umeme mtaani kwetu, akafungua saluni. Akawa anaweka kalikiti, ile dawa ya nywele iliyowatoa watu mawimbi yanayong'aa. Wanawake wa maofisini wakawa wanakuja Ipagala ambako zamani hawakukanyaga.

Mzuri alikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Ana mwanya, ana shingo, na akicheka anakushika mkono. Hilo la kushika mkono ndilo lililonimaliza.

Loisi alimwita mume wangu "Ba Fabian". Baadaye niliambiwa ndiyo heshima ya kwao. Wakati ule nilijua tu kwamba mimi mwenye mali sijawahi kumwita hivyo.

Basi ikawa kila mwisho wa mwezi ni pasi, suti, mhuri mfukoni, huyo kwa Loisi. Na suti yenyewe, kumbukeni, jina lake limetoka hukohuko Zambia. Anarudi ananukia mafuta ya nywele.

Hata mvi zake zikapotea. Nikasema huyu mapenzi mapya yamemrudisha ujana.

Jirani yangu Anjelina akaja kuomba chumvi ambayo hakuwa na shida nayo.

"Mama Yotham, mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Ila mumeo akiingia mle, mlango wanafunga."

Chumvi nilimpa. Mwenyewe nikabaki nimeshika kopo tupu, mboga inaungua jikoni na mimi naisikia harufu tu.

Jioni nikamkabili Fabian.

"Unakwenda kufanya nini kwa yule mwanamke?"

"Namhuishia ukaazi."

"Unamhuishia nini?"

"Ukaazi, mama. Yule ni mgeni wa nchi. Muda wake ukiisha, namgongea mhuri anaendelea. Mgeni yuko chini ya mjumbe."

Nilimtazama. Nimeshawahi kudanganywa na wanaume, lakini uongo wenye cheo ndani yake ulikuwa ndio wa kwanza.

"Na mlango mnafunga wa nini?"

Akajikuna kichwa. "Vumbi," akasema.

Dodoma vumbi lipo, hilo kweli. Ila sikulala vizuri.

Mwisho wa mwezi uliofuata nikamwacha atangulie. Nikajifunga khanga kiunoni, nikachukua mwiko wa ugali, nikamfuata. Nilishajipangia nitakachosema na nitakayeanza naye.

Nikafika. Mlango umefungwa kweli. Nikausukuma kwa bega.

Jamani.

Fabian amekaa kwenye kigoda, taulo mabegani, kichwa kizima kimepakwa rangi nyeusi tii, mpaka masikioni. Loisi kasimama nyuma yake na kitana. Na kwenye kiti cha dirishani kuna mama mmoja mnene, kichwa kimejaa dawa ya kalikiti na mfuko wa plastiki juu yake. Mkononi ana pasipoti.

Nikabaki na mwiko wangu hewani.

"Mama Yotham, karibu kiti," Loisi akasema.

Yule mama hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anafunua kurasa.

"Nani kagonga hii mihuri?" akauliza.

Fabian akajiweka sawa kwenye kigoda. "Mimi hapo."

"Wewe ni nani?"

"Mjumbe wa nyumba kumi."

"Umegonga mhuri wako kwenye pasipoti ya Jamhuri ya Zambia."

"Kila mwezi," Fabian akasema kwa fahari. "Sijaruka hata mmoja."

Yule mama akafunga pasipoti taratibu. "Mimi naitwa Priska. Ni afisa uhamiaji."

Kumbe alikuja kutengeneza nywele tu kama wenzake. Wakaingia kwenye stori, akamuuliza Loisi mambo ya vibali vyake anafanyaje. Loisi, bila wasiwasi wowote, akamtolea pasipoti aone jinsi mjumbe wetu anavyomtunza.

"Niliambiwa Mzambia hahitaji viza," Loisi akasema.

"Viza huhitaji, dada. Kukaa ndiko kuna muda. Ulipigiwa mhuri wa matembezi pale Tunduma, na muda wake umekwisha zamani. Hii mingine yote ni wino tu. Umezidisha muda, halafu unafanya kazi bila kibali."

"Lakini Ba Fabian alisema..."

"Huyo hana uwezo wa kumwongezea mgeni muda hata wa kumaliza chai."

Mimi, nisiwafiche, nilifurahi. Niliiona Tunduma hiyo, nikamwona Loisi anapanda basi na begi lake. Nikashusha mwiko. Mungu amenifanyia kazi bila mimi kutokwa jasho.

Afande akataka kuinuka. Loisi akamwekea mkono begani.

"Afande, dawa itakuunguza. Nikuoshe kwanza."

Akamwosha. Alimwosha yule mama kichwa pole pole, anamkinga maji yasimwingie machoni. Maji yakamwagika kwenye beseni.

Afande alipojifuta akamgeukia mume wangu. "Na wewe mjumbe, kesho asubuhi ofisini. Njoo na mhuri wako."

Furaha yangu ikaishia hapo.

Kesho yake tukaenda watatu. Fabian na kaunda suti yake, masikio bado meusi kwa rangi, maana jana hakuna aliyekumbuka kumfuta. Mhuri wakauchukua. Afande Priska akatusomea mambo yalivyo.

Loisi atalipa faini ya kuzidisha muda. Fabian naye ana faini yake kwa kuchezea pasipoti ya watu. Saluni ifungwe mpaka kibali kitoke Dar es Salaam. Na muda wote wa kusubiri, mgeni akae kwa mwenyeji mwenye nyumba yake, mtu wa kuaminika, aliyemsainia.

"Mwenyeji asipopatikana, nampandisha basi la Tunduma, na shauri la mjumbe linakwenda mahakamani kama lilivyo. Akipatikana, tunalimaliza hapa."

Fabian akajikohoza. "Mimi nitamsainia."

"Wewe kaa kimya," Afande akasema. "Nyumba mnayokaa ni ya nani?"

Fabian akaangalia viatu vyake.

Nyumba ni yangu. Marehemu baba aliniachia mimi. Fabian aliingia na godoro na baiskeli.

Wote wakanigeukia.

Mnaona mtego huo? Nikikataa, Loisi anaondoka, nilichokuwa nakiomba kila siku. Lakini baba wa mtoto wangu anasimama kizimbani na masikio meusi. Nikikubali, mwanamke ninayemwonea wivu namwingiza ndani ya nyumba yangu kwa saini yangu mwenyewe.

Kalamu ninayo, mkono hauendi.

Loisi akaniinamia sikioni. "Mama Yotham, sina neno na mumeo. Akija kugonga mhuri namlipa kwa kumpaka rangi ya mvi, basi. Mlango tulifunga kwa sababu aliona aibu. Alinikataza nisikwambie. Alisema wewe bado unamwona kijana."

Nikamtazama Fabian. Alikuwa amesikia. Alikuwa anachungulia dirishani kama mtoto aliyevunja chungu.

Nikasaini. Msidhani ni huruma. Nilijiambia, bora akae mahali ninapomwona.

Loisi akauza ile mashine yake ya kukaushia nywele, akalipa faini. Fabian akauza baiskeli. Baiskeli ambayo mimi mkewe sikuruhusiwa hata kuiegemea, ikaondoka kwa sababu ya mgeni. Siku hiyo niliwagongea wote wawili sahani mezani.

Loisi akaja kwangu, chumba cha uani.

Wiki za mwanzo nilikuwa mlinzi. Fabian akitoka kwenda msalani, nami nina kiu ya maji ya uani. Loisi akicheka, nachungulia. Akimsalimia "Ba Fabian", nahesabu alivyotamka. Nilikonda, hata Anjelina alisema.

Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta amepika mlenda. Nikaja juu. Mlenda wa Mgogo, kwenye nyumba ya Mgogo, anapika Mzambia?

"Kwetu tunaita delele," akasema. "Tunapika na bamia. Mama yangu alikuwa anaweka hivi."

Nikaonja ili nipate kuusema vibaya. Nikamaliza bakuli.

Halafu akaniambia, "Mama Yotham, kaa hapa nikusuke. Nywele zako zinalia."

Nikakaa chini, katikati ya magoti yake. Akaanza kunichambua nywele. Nikakumbuka kwamba tangu mama yangu afariki, hakuna mtu aliyewahi kunishika kichwa kwa upole namna ile. Machozi yakanitoka, nikasingizia kitana kinauma.

Kuanzia hapo ikawa balaa lingine. Tunapika wote. Tunakwenda Kibaigwa pamoja kununua mahindi, yeye anabishana na madalali kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika mpaka wanashusha bei wenyewe. Jioni tunakaa uani tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Fabian anakuja, anasimama mlangoni.

"Mnacheka nini?"

"Mambo ya wanawake."

Anakohoa, anaingia ndani, anakula peke yake.

Kibali kikatoka. Saluni ikafunguliwa tena kwa mzee Bartolomayo, lakini Loisi hakuhama, na mimi sikumwambia ahame. Fabian akawa anarudi nyumbani mapema kuliko kawaida, anazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Siku moja akaniambia, "Mama Yotham, siku hizi huniulizi nimetoka wapi."

"Umetoka wapi?"

"Basi tu," akasema, akaenda zake.

Nikaona mwanaume ana maneno yake, nikaendelea kuchambua mboga.

Sasa muda wa kibali cha Loisi ulipokaribia kuisha, nikatoka uani asubuhi nikamkuta Fabian na pasi ya mkaa.

Kaunda suti ileile. Safari hii hakuna mluzi.

"Unakwenda wapi?"

"Kazi za uongozi."

Mtu mwenye wivu wa kuzaliwa haachi kazi. Nikamfuata kwa mbali. Hakwenda saluni. Hakwenda kwa mwanamke yeyote. Akanyoosha moja kwa moja mpaka ofisi ya uhamiaji, akaingia.

Nikarudi nyumbani sielewi kitu.

Jibu alilileta Afande Priska mwenyewe, alipokuja saluni kutengenezwa nywele na kunikuta nimekaa na Loisi.

"Mama Yotham, mumeo ana nini? Amekuja ofisini kuniuliza kibali cha huyu dada kinaisha lini."

"Labda anataka kumkumbusha," nikasema.

"Hapana. Ameuliza kama ni lazima kihuishwe. Ati mgeni akikaa sana anamsahaulisha mwenye nyumba."

Loisi akaacha kitana. Mimi nikaacha kila kitu.

Mwanaume niliyemwonea wivu kwa ajili ya Loisi, alikuwa anamwonea wivu Loisi kwa ajili yangu.

Kibali kilihuishwa mapema, mimi nikiwa nimekaa pembeni ya Loisi kuhakikisha hakosei tarehe. Nikarudi nyumbani, nikamsubiri Fabian uani. Alipoingia, nikasimama, nikajifunga khanga kiunoni, nikachukua mwiko.

"Ulikuwa wapi," nikamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Anjelina, "na ulikuwa kwa mwanamke gani?"

Mume wangu alitabasamu mpaka nikaliona pengo lake la nyuma. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kujieleza kirefu, kituo kwa kituo, na mimi nikamsikiliza mpaka mwisho.

Mkiwa ugenini, angalieni tarehe zenu wenyewe, na mhuri msioujua ulikochongwa msiuamini. Na mlio kwenye ndoa, muulizeni mtu alikotoka hata kama mnajua. Fabian wangu sasa ni mzee, mvi nyeupe kichwa kizima na hazipaki chochote, na bado namuuliza kila jioni.